Kuonyesha Kazi kwa Mwajiri

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilizaliwa sokoni, na kwa mambo ya sokoni ni kweli. Mnunuzi hupita mbele ya meza za wavuvi, humwinua samaki, humtazama mashavu, na samaki aliye mbichi hana haja ya mpiga mbiu. Mwenye kuzunguka mitaani na kapu lake jioni, akisifu kwa sauti kubwa kile kilichokataliwa asubuhi, ana sababu ya kuzunguka. Walakini methali hiyo ina sharti moja ambalo halikutajwa ndani yake: mnunuzi na kitu kinachonunuliwa hawana budi kuwa mahali pamoja. Sharti hilo likiondoka, kizuri kilichonyamaza ni sawa na kizuri kisichokuwapo.

Kwa vijana wetu limekwisha kuondoka. Mhitimu anayetafuta kazi ya kuchora, kuandika, kutafsiri, kupiga picha au kuhariri filamu haombwi tena barua na nakala ya shahada peke yake. Huombwa aonyeshe alichofanya, na mahali pa kukionyesha ni mtandaoni. Ziko tovuti zilizoundwa kwa haja hiyo, kama vile Behance iliyoanzishwa 2005 na Dribbble iliyoanzishwa 2009, na wengi hujitengenezea tovuti zao wenyewe. Mkusanyo huo wa kazi huitwa potifolio, na wengine husema jalada la kazi, ingawa hauna jalada wala karatasi. Mwajiri aliye Nairobi, Dar es Salaam au Dubai huupitia kwa dakika chache, kisha hukata shauri kama mwombaji ataitwa au hataitwa. Namna ya kuupamba wanafunzi wetu wanaijua kuliko sisi tunaowafundisha. Nisilolisikia likiulizwa ni jambo jingine: mtu akiiweka kazi mbele ya mgeni asiyemjua, akasema, "Hii ni yangu," amesema nini hasa, na anayo haki ya kusema kiasi gani?

Zamani kazi ilisimama mahali pake ikajieleza. Mtu wa Unguja au Lamu aliyetaka mlango wa kuchongwa aliweza kupita mitaani, akatazama milango iliyokwisha kusimama, akauliza ni kazi ya nani, akaambiwa. Jalada la fundi lilikuwa mji wenyewe. Tena lilikuwa jalada gumu kutiwa uongo, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameketi barazani. Alimjua aliyechonga mauwa ya juu, alimjua mwanafunzi aliyepiga msasa, alikumbuka kazi ilichelewa miezi mingapi na ugomvi wa malipo ulikwisha vipi. Kazi ilionekana pamoja na mashahidi wake.

Fundi akihama mji, mashahidi hubaki nyuma. Haya si mambo mapya. Yapata 1482 Leonardo da Vinci, aliyekuwa na umri wa miaka 30 hivi, alitaka utumishi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Rasimu ya barua yake ipo hata leo. Ameorodhesha ndani yake madaraja mepesi ya kuchukuliwa vitani, mizinga, magari yaliyofunikwa na njia za kupita chini ya ardhi. Uchoraji, ambao ndio uliolikuza jina lake duniani, ameutaja karibu na mwisho. Mimi huvutiwa na jinsi alivyoimaliza barua ile kuliko na mizinga yake yote. Alisema kuwa kama lipo jambo lo lote katika hayo lionekanalo kuwa haliwezekani, yu tayari kulijaribu mbele ya mtawala huyo, katika bustani yake au mahali po pote atakapopenda. Maneno yake aliyawekea rehani, na rehani ilikuwa jaribio.

Jalada la kazi la leo halina mwenye nyumba barazani, wala halina bustani ya Milan. Kazi inaonekana, mashahidi hawaonekani. Kwa hiyo nasema kwamba kuionyesha kazi namna hii ni ushuhuda kabla ya kuwa biashara. Mwombaji ni shahidi katika shauri lake mwenyewe, tena shahidi wa pekee, na hakimu wake yuko mbali na ana haraka. Mahakamani shahidi wa namna hiyo hutazamwa kwa shaka. Hapa huaminiwa, si kwa kuwa anajulikana, ila kwa kuwa hapana njia nyingine. Mtu aliyeaminiwa na rafiki yake akidanganya, rafiki atakuja kujua na kumlaumu. Aliyeaminiwa na mgeni kwa ulazima, yamkini hatajulikana kamwe, na kwa sababu hiyo mzigo wa ukweli wote umelala mabegani mwake.

Hapo msomaji atanipinga mara moja. Atasema kwamba jalada la kazi ni uteuzi, na uteuzi ni kuficha. Mpigapicha aliyepiga picha 2,000 huonyesha 12. Mwandishi aliyeandika makala 40 huonyesha 5. Je, 1,988 zilizofichwa si ushuhuda ulionyamazishwa? Sidhani. Udanganyifu haukai katika kutosema kila kitu. Hukaa katika kumwacha mtu aamini jambo ambalo hakujua kwamba ana haja ya kulishuku. Mwajiri anajua kwamba ameonyeshwa teule. Ndivyo alivyoomba. Bibi harusi akipambwa hapana mgeni anayedhani kwamba huamka hivyo kila siku, na hapana aliyedanganywa. Mwombaji anayejitesa kwa kuonyesha na mabaya yake, kwa kudhani kuwa huo ndio uaminifu, ameuchosha mwajiri wake bila ya kumnufaisha.

Lakini uteuzi una mpaka, na mpaka huo haupiti mahali wengi wanapoutafuta. Mwombaji asemapo, "Hii ni yangu," mwajiri husikia, "Naweza kuifanya tena." Hakuna anayeajiri mtu kwa ajili ya kazi iliyokwisha kwisha, huajiriwa mkono kwa ajili ya kesho. Basi picha moja ya ajabu iliyopatikana kwa bahati, radi ilipopiga wakati kidole kilikuwa juu ya kitufe, ni kazi ya mwenye kuipiga bila ubishi, na hata hivyo inaweza kutoa ushuhuda wa uongo ikiwekwa mbele ya zote kama kipimo cha ustadi wake. Kadhalika insha iliyopita mikononi mwa mwalimu mara 4 kabla ya kuchapwa. Kila neno lake huenda limeandikwa na mwanafunzi. Nguvu ya kulifikia neno hilo haikuwa yake peke yake. Naona mwombaji angejiuliza kuhusu kila kitu anachokionyesha: nikipewa tena wakati ule ule na vyombo vile vile, nitaweza? Kama jibu ni hapana, yafaa aseme kitu kilivyopatikana, au akiache nyumbani.

Lugha yetu ina mahali padogo sana ambapo jambo hili lote huamuliwa. Ni kiambishi cha mbele cha kitenzi. *Nilitengeneza* na *tulitengeneza* zimeachana kwa silabi moja, na katika silabi hiyo watu wazima hujificha na kufichana. Nimesoma majalada ya wahitimu wengi, kwa kuwa huniletea niwasahihishie Kiswahili chao, na nimeona kwamba kosa la Kiswahili si jambo la kwanza linalohitaji kusahihishwa. Kazi iliyofanywa na watu 7 huandikwa kwa *ni-* na kila mmoja wa wale 7, kila mmoja katika ukurasa wake, kana kwamba ilifanywa mara 7. Mwingine ambaye dhamiri yake inamsumbua hukimbilia kauli ya kutendwa: tangazo *lilibuniwa*, kitabu *kilihaririwa*, filamu *ilipigwa*. Hapa hakusema uongo, ila amemwondoa mtenda katika sentensi na kuacha kiti kitupu mahali pake, akitumaini kuwa msomaji atamketisha yeye. Sarufi haimshitaki. Kauli ya kutendwa ni halali, na huja kwa haki pale mtenda asipojulikana au asipohitajika. Katika jalada la kazi mtenda ndiye anayetafutwa, wala hapana kingine.

Tiba yake si kujinyima. Ziko fani ambazo zimekwisha kulitatua jambo hili siku nyingi, na filamu ni mojawapo. Adam Shafi aliandika riwaya ya *Vuta N'kuvute*, ikatolewa 1999. Mwaka 2021 ikatoka filamu yenye jina hilo iliyoongozwa na Amil Shivji. Filamu hiyo ni ya nani? Ni swali lisilo na maana mpaka liulizwe pamoja na kazi: ni nani aliyetunga, ni nani aliyeongoza, ni nani aliyeshika kamera, ni nani aliyetengeneza mavazi, ni nani aliyepanga sauti. Ndiyo sababu filamu huisha kwa orodha ndefu ya majina, ambayo watazamaji huipa mgongo wakitafuta mlango. Orodha hiyo ina faida ambayo aghalabu hatuioni. Aliyeshona vazi moja katika filamu yo yote anaweza kuiweka filamu nzima katika jalada lake, akaandika chini yake, "Nilishona mavazi ya mhusika fulani," na akawa amesema kweli tupu na kujipatia heshima kamili. Hakuikopa heshima ya mwongozaji, wala hakuitupa yake.

Mfano wa kinyume chake, ambao ni mzito zaidi, uko Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa 1932, alianza yapata 1968 kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta zenye kung'aa juu ya mbao laini, na picha zake ziliuzwa Oyster Bay, penye maduka ya Morogoro Stores. Aliwafundisha jamaa na rafiki wachache. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi akafariki. Alichora miaka minne hivi. Baada yake mtindo uliendelea, ukakua, ukawalisha watu wengi, na jina la mtu likawa jina la mtindo: leo husemwa "picha ya Tingatinga" kuhusu picha ambazo marehemu hakuziota. Jambo hilo peke yake silioni kuwa baya. Shule ya sanaa ni kama ukoo, na jina la ukoo huchukuliwa na wajukuu. Mchoraji wa leo wa mtindo huo hutia sahihi yake mwenyewe, na kwa sahihi hiyo husema mambo mawili kwa pamoja: nimetoka kwa yule, na hii nimeifanya mimi. Anayetia sahihi ya marehemu juu ya picha yake hasemi hata moja katika hayo. Kati ya watu hawa wawili rangi inaweza kuwa ile ile, chui yule yule, ustadi ule ule. Jicho la mwajiri au la mnunuzi halitawapambanua. Kinachowapambanua ni neno dogo chini pembeni.

Msomaji aliye mwanafunzi atakuwa amechoka kuningoja nifike kwenye shida yake yeye, ambayo ni kwamba hana kazi ya kuonyesha. Haajiriwi kwa kuwa hana kazi alizofanya, na hana kazi alizofanya kwa kuwa haajiriwi. Wengi hujikwamua kwa kubuni. Mmoja huchora upya nembo ya kampuni ya soda ambayo haikumwomba. Mwingine huandika tangazo la benki ambayo haimjui. Mwingine hutafsiri sura ya riwaya ambayo hapana mchapishaji aliyemtuma. Wako wakali wanaosema kuwa hiyo ni hila. Mimi naiona kuwa njia ya heshima, maana mshairi naye hakutumwa na mtu. Isipokuwa sharti iandikwe waziwazi kwamba ni zoezi. Nembo ya kampuni kubwa ikikaa katika jalada bila maelezo, mgeni ataamini kwamba kampuni ilimwita kijana huyu, ikamlipa, ikaridhika. Na hayo matatu ndiyo yanayomwongezea thamani, si mchoro. Mchoro wake ni wa kweli na kila kitu kinachouzunguka ni cha uongo. Ajabu ni kwamba neno "zoezi" halimpunguzii kitu mbele ya mwajiri mwenye akili. Aliyejituma bila kutumwa ameonyesha tabia ambayo aliyetumwa hakupata nafasi ya kuionyesha.

Naja sasa kwa watu ambao kazi yao bora haiwezi kuonyeshwa kabisa. Nawataja kwa kirefu kwa sababu mazungumzo juu ya majalada ya kazi huwapita kana kwamba hawapo.

Wa kwanza ni mhariri. Nimewafundisha wengi, na wengine wao sasa hukaa katika nyumba za uchapishaji. Kazi ya mhariri ikitimia haionekani, ikionekana haijatimia. Mwandishi ameleta mswada wenye sura 3 za ziada, mhusika aliyekufa ukurasa wa 60 akifufuka ukurasa wa 90 bila sababu, na sentensi zinazokanyagana. Mhariri hufanya kazi miezi 5, kitabu hutoka chema, na sifa humwendea mwandishi, kama inavyostahili. Akitaka kazi mahali pengine, aonyeshe nini? Kitabu kilichochapwa hakimsemi. Ushahidi wa kweli ni kuweka ukurasa wa mswada upande mmoja na ukurasa wa kitabu upande wa pili. Kufanya hivyo ni kumvua mwandishi nguo mbele ya watu. Ameupata uchi huo kwa amana, kama daktari aupatavyo. Hapana sheria ninayohitaji kuitaja ili nijue kwamba ni haramu kuuonyesha bila idhini. Na hata idhini ikiombwa, ni mwandishi gani atakayeitoa kwa moyo mweupe?

Jambo hili lina historia katika lugha yetu. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki ilikuwa ikikagua miswada na vitabu ili viafikiane na Kiswahili sanifu. Mikono mingi ilipita juu ya kurasa tulizozisoma shuleni. Tunawakumbuka waandishi, waliofuta na kuandika upya tunawakumbuka kwa nadra. Sisemi kwamba walidhulumiwa wote. Wengine walipenda iwe hivyo. Nasema tu kwamba mhariri anayeomba kazi leo anairithi kazi ambayo desturi yake ni kimya, katika zama zinazodai kila mtu apige kelele.

Wa pili ni mwanamke mpigapicha wa harusi za pwani. Mombasa, Lamu na Unguja ziko sherehe za wanawake peke yao, ambapo mabuibui huvuliwa, nywele huonekana, simu huzuiwa mlangoni, na yeye peke yake huruhusiwa kuingia na kamera kwa kuwa anaaminiwa. Picha zake bora zimo humo: mwanga wa taa juu ya dhahabu, kicheko cha mama wa bibi harusi, kizazi kizima cha wanawake katika chumba kimoja. Hawezi kuonyesha hata moja. Mshindani wake anayepiga picha za ufukweni hujaza ukurasa wake kila wiki. Huyu huweka picha za mikono iliyopakwa hina, mashuka yaliyotandikwa, vyetezo, asumini juu ya sinia. Mwajiri asiyejua hudhani kwamba huyu ni mpigapicha wa vitu, hajui kupiga nyuso.

Tumwambie nini? Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu 2019 na Tanzania 2022, nazo humlinda bibi harusi. Hazikutungwa ili kumpa kazi mpigapicha. Mimi nadhani kwamba kile anachokikosa katika jalada ndicho sifa yake kubwa, na kwamba yafaa akiseme: aandike kuwa sehemu kubwa ya kazi yake haionyeshwi kwa sababu alipewa kwa amana, na ataje, kwa ruhusa yao, watu wawili au watatu watakaomshuhudia kwa mdomo. Hapo amemrudisha mwenye nyumba barazani. Mwajiri anayetaka mtu wa kumkabidhi siri za wateja wake, akimwona mwombaji aliyejaza ukurasa wake kwa nyuso za wanawake wasiojua kuwa wameonyeshwa, ana haki ya kujiuliza wateja wake yeye wataonyeshwa lini.

Katika jambo hili sheria ya haki za waandishi na wasanii ni ya kusaidia kidogo na kuchanganya kidogo. Sheria ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2001 zinakubaliana kwamba kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika utumishi wake, haki zake za mali ni za mwajiri, isipokuwa wamepatana vingine. Lakini Mkataba wa Berne, uliofanywa 1886, uliongezwa huko Roma 1928 haki ya namna nyingine: mwandishi, hata akiisha kuuza haki zake za mali, anabaki na haki ya kutambulika kwamba kazi ni yake. Katika tofauti hiyo pana busara. Mkate umeuzwa, umeliwa, mwokaji hana dai juu yake. Hata hivyo ni yeye aliyeuoka. Mwombaji na asichanganye haki hizi mbili. Kusema "Niliifanya" ni haki yake. Kuieneza kazi yenyewe mtandaoni bila idhini ya mwenye mali huenda si haki yake, na aliyetia saini mkataba wa siri alikwisha kuahidi zaidi ya hapo.

Nimesema mengi juu ya wajibu wa mwombaji, na ingekuwa upendeleo kumwacha mwajiri akae kama hakimu asiyehukumiwa. Iko desturi iliyoenea ya kumwomba mwombaji, baada ya jalada lake kutazamwa, afanye "jaribio": achore nembo, aandike matangazo matatu, atafsiri kurasa 10. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alipewa kurasa 12 za mwongozo wa mashine na afisi moja ambayo sitaitaja. Alizitafsiri usiku kucha. Hakuitwa. Waombaji wenziwe, alipokuja kukutana nao, kila mmoja alikuwa amepewa kurasa 12 nyingine za mwongozo ule ule. Hesabu hiyo kila msomaji ataimaliza mwenyewe.

Jaribio kwa asili yake si dhuluma. Mwaka 1401 chama cha wafanya biashara wa nguo huko Florence kilitaka fundi wa kutengeneza milango ya shaba ya nyumba ya ubatizo. Mafundi 7 walipewa jambo moja, habari ya Ibrahimu na sadaka ya mwanawe, wakapewa na shaba ya kulifanyia kazi. Lorenzo Ghiberti, kijana wa miaka 20 na kitu, alishinda, na milango ikamchukua mpaka 1424. Kibao chake na kile cha Filippo Brunelleschi vingaliko pamoja katika jumba la makumbusho la Bargello, na kila mtu aweza kusimama mbele yake na kuhukumu upya. Tazama waliotaka kazi walitoa nini: shaba ilitoka kwao, muda ulitoka kwao, jambo la kuonyesha lilikuwa moja kwa wote ili kipimo kiwe sawa, na kazi ya aliyeshindwa haikutiwa katika milango ya aliyeshinda. Afisi inayomtaka kijana atoe shaba yake mwenyewe, kisha ikaiyeyusha, haina haki ya kumuuliza juu ya uaminifu wa jalada lake.

Limebaki jambo la mashine. Tangu 2022 zimeenea programu ambazo mtu huziandikia maneno machache zikamchorea picha au zikamwandikia insha. Wengine huziita akili unde, wengine akili mnemba, na jina litapatana na wakati. Wako wanaosema kwamba zimelimaliza jalada la kazi, maana picha iliyokamilika haithibitishi tena kwamba pana mkono. Kwa sehemu ni kweli. Tulizoea kuiacha kazi iseme kwa niaba yetu, na sasa kazi imepoteza sauti. Lakini tatizo la mashine ni lile lile la kiambishi, limekuzwa tu. Aliyetumia mashine na akasema alivyoitumia, hapa iliandika na hapa niliifuta, ametoa ushuhuda. Asiyesema amerudi kwenye kiti kitupu cha kauli ya kutendwa.

Naona baadhi ya waajiri wameanza kuuliza rasimu: michoro ya kwanza iliyotupwa, kurasa zilizokatwa, sababu za kukata. Ni mwendo mzuri, ingawa rasimu nazo zaweza kughushiwa na mwenye kutaka. Mwendo bora kuliko huo ni kumwita mtu, kumketisha, kuiweka kazi mezani na kumwuliza kwa nini mstari huu umepita hapa na haukupita pale. Aliyeifanya kazi ana majibu mengi kuliko maswali, na mengine yake ni ya kuchosha: rangi ilikwisha, mteja alikuwa mkaidi, tulijaribu vingine mara 3 ikashindikana. Aliyeiazima kazi ya mwenziwe hujibu kwa sifa, kwamba ni nzuri, ni ya kisasa, inavutia. Mazungumzo ya namna hiyo huchukua saa moja, na mwajiri aliyezoea dakika chache ataona kuwa ni ghali. Mwenye nyumba wa Lamu alipoteza asubuhi nzima akizunguka mitaani kabla ya kumwita fundi, naye alitaka mlango mmoja tu.